Mbona Sioni Tofauti? Niliyojifunza Katika Miaka ya Kufundisha Kipaimara

Kila mwaka, baada ya vijana wetu kupata kipaimara, yupo mmoja au wawili wanaonisubiri nje tukitoka ibada ya kwanza. Wananiamkia, wanababaika kidogo, halafu linatoka: "Mwalimu, mbona sioni tofauti?" Wamesoma Katekismo miaka miwili. Wanazijua kwa moyo Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana. Wamewekewa mikono na mchungaji mbele ya wazazi waliovaa sare za vitenge, wakashiriki Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza. Jumatatu imefika, na hasira ni zile zile, uvivu wa kusali ni ule ule.

Swali hilo ni zito. Watu wazima wanalo pia, ila wamezoea kulificha. Nimefundisha kipaimara hapa Machame muda wa kutosha kuwaona wanafunzi wangu wa mwanzo wakileta watoto wao kubatizwa, na haya ndiyo niliyojifunza kwao na kwa wazee walionilea katika imani.

1. Neema haifuti juhudi

Sisi Walutheri tumefundishwa tangu utoto kwamba hakuna anayeokolewa kwa matendo yake. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anapoeleza sehemu ya tatu ya Imani anakiri kuwa kwa akili na nguvu zake mwenyewe asingeweza kumwamini Kristo wala kumwendea. Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita. Fundisho hilo nalishika kwa mikono miwili. Lakini nimeona likigeuzwa kisingizio: mtu hasomi Neno, hasali, haonekani jumuiyani, na ukimuuliza anasema amemwachia Mungu.

Waraka wa pili wa Petro, sura ya kwanza, unalipanga jambo hili vizuri kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia. Kwanza, Mungu amekwisha kutukirimia yote tunayoyahitaji. Kisha, kwa sababu hiyo hiyo, tunaagizwa tujitahidi: katika imani tuongeze wema, halafu maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, na mwisho upendo. Ona mahali saburi ilipowekwa: ni ya nne kati ya saba, katikati kabisa ya mambo tunayopaswa kuyafanyia bidii. Kwa Petro, kusubiri nako ni kazi.

Yesu mwenyewe alisimulia habari za mtini usiozaa, katika Luka sura ya 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda, hapati kitu, anataka mti ukatwe. Mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, na papo hapo anataja atakachofanya katika mwaka huo: atachimba kuuzunguka na kutia samadi. Hakuomba muda wa kukaa na kuutazama. Sisi tunaoishi kwa migomba na kahawa hatuhitaji kuelezwa kazi ya samadi. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Yesu hakusema kama mti ule ulizaa. Darasani nawaachia vijana swali hilo, na hakuna mjadala unaokuwa mkali kama huo.

2. Weka saa

Anayesema atasali akipata nafasi, nafasi haimpati. Mama yangu alisali kabla ya kuwasha moto asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, awe na homa au mzima. Mume wangu husali ndani ya daladala akienda kazini, macho wazi, kimya. Saa yoyote yafaa, ila iwe inajulikana.

3. Biblia husomwa kidogo kidogo, na watu wa kawaida

Biblia yetu ina vitabu 66 na sura 1,189. Ukisoma sura tatu au nne kwa siku, unaimaliza kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo nzuri huwavutia watu sana mwezi Januari. Wanapita Mwanzo kwa furaha, wanapita Kutoka, wakifika Mambo ya Walawi penye sheria za sadaka na magonjwa ya ngozi wanaishia hapo, na Biblia inarudi juu ya kabati hadi Januari nyingine. Kijana anayeanza mimi humwambia aanze na Marko, ambayo ina sura 16 tu na haina maneno mengi. Akimaliza, aingie Zaburi. Ziko 150, kwa hiyo tano kwa siku ni mwezi mmoja, ingawa siku ya Zaburi ya 119 yenye aya 176 itamlazimu aamke mapema au aigawe.

Lakini aliyenifundisha zaidi kuhusu kusoma ni jirani yetu mmoja, bibi ambaye sasa ni marehemu. Alijifunza kusoma akiwa na watoto tayari, katika kisomo cha ngumbaru, miaka ya sabini serikali ilipokuwa imelivalia njuga suala la elimu ya watu wazima. Alisoma Biblia ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952, nakala ya maandishi makubwa ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Alikuwa anaweka kidole cha shahada chini ya neno, analitamka kwa sauti, anahamisha kidole. Akifika mwisho wa mstari anarudi mwanzo wake na kuusoma wote kwa mfululizo, safari hii akitazama mbele, nje ya mlango. Sura moja ilimchukua alasiri nzima. Alipokutana na neno gumu alimwita mtoto yeyote aliyepita njiani, nasi tulipita njiani mara nyingi kwa sababu alitupa ndizi za kuiva.

Mwaka mchungaji alipokuja kumshirikisha Chakula cha Bwana nyumbani, wakati macho yamekwisha kabisa, bibi yule alikuwa akitangulia kuyasema masomo kabla mchungaji hajayasoma. Hakuwa amekusudia kuyakariri. Yalikaa kwa sababu kila neno lilipita chini ya kidole chake.

4. Sala kavu ni sala

Zipo siku unapiga magoti na hakuna unachosikia moyoni. Unataja majina ya watoto, ya wagonjwa, ya wenye mitihani, na ni kama unasoma orodha ya mahudhurio. Hali hii huwatisha vijana kuliko majaribu mengine, kwa sababu mikutano mingi ya injili imewazoesha kupima uwepo wa Mungu kwa machozi na msisimko.

Mimi nawapeleka Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kumaliza kwa sifa. Hii humaliza gizani, pasipo jibu. Na imo ndani ya Maandiko Matakatifu, ikasaliwa na Israeli, na Kanisa likairithi bila kuiongezea mwisho mzuri. Wale walioihifadhi walijua kwamba mtu anayeendelea kumwita Mungu akiwa gizani bado ana imani, hata kama yeye mwenyewe haioni. Maneno yako yakikauka, chukua yaliyoandaliwa. Luther aliweka sala ya asubuhi na ya jioni ndani ya Katekismo Ndogo kwa ajili ya watu wa nyumbani, si kwa watawa. Iseme hiyo, sema na Sala ya Bwana, uende kazini.

5. Tuliletewa Injili na watu waliojua kungoja

Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani na 100 Isaka alipozaliwa. Paulo, baada ya kutokewa na Bwana njiani kwenda Dameski, alikwenda Arabuni, na kwa maelezo yake mwenyewe katika Wagalatia ilipita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Haya tunayahubiri. Yale ya karibu na kwetu tunayasahau.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika pwani yetu mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pale Mombasa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Krapf aliendelea kukaa, akajifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1846 aliungana naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai, ndani kidogo kutoka Mombasa. Miaka ilipita na waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa mlemavu mmoja aliyeitwa Mringe, naye alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Ukipima kwa vipimo vya sasa vya mafanikio ya huduma, ile ilikuwa kazi iliyoshindwa.

Rebmann ndiye aliyefika huku kwetu. Mei 1848 aliuona mlima wenye theluji, akaandika habari zake, na wataalamu wa jiografia walioketi London wakambishia. Safari hiyo alifika Kilema. Alirudi tena, akafika hapa Machame kwa Mangi Mamkinga. Mwaka 1849 akaja mara ya tatu akiwa na nia ya kuvuka kwenda Unyamwezi. Bidhaa zake zikaishia hapa na ikambidi arudi pwani katika hali ngumu. Hakuacha kanisa Kilimanjaro, hakuacha hata mwanafunzi mmoja. Alikaa Rabai hadi 1875, macho yakiwa karibu yamepofuka kabisa, akarudi Ujerumani na kufariki mwaka uliofuata.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, miaka 45 tangu Rebmann aone theluji. Usharika wangu umetokana na kazi hiyo. Kila ninapofundisha historia ya Kanisa najiuliza Rebmann alikuwa akisali nini asubuhi za Rabai, mwaka wa ishirini, mwaka wa ishirini na tano, bila mavuno ya kuandikia barua nyumbani. Sina shaka kwamba aliitaja nchi hii. Na mimi ninayeimba hapa kila Jumapili ni sehemu ya jibu ambalo yeye hakuliona.

6. Peke yako utachoka

Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, hukumbukwa kwa nyimbo na toba za hadharani. Kilichoudumisha ni vikundi. Wale ndugu walikutana kila wiki, wakasoma Neno, wakaambiana ukweli wa maisha yao bila kuficha, wakaenda kuomba radhi na kurudisha walivyochukua. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu Bukoba na kisha Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa na uamsho huo.

Jumuiya zetu ni ndogo na hazina sifa hizo. Mabenchi yanaazimwa, chupa ya chai inazunguka, anayeongoza somo mara nyingine hakujiandaa. Lakini ukikosekana wiki mbili mtu atabisha hodi kwako. Nimeona imani ya watu wengi ikiponea kwenye hodi hiyo.

7. Haraka ina gharama

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengine walikuwa wazazi waliokwenda na watoto wao. Sitaki kuwalaumu. Walikwenda na maradhi, madeni, ndoa zilizovunjika, na wote hao ni watu wa kuonewa huruma na Kanisa. Ninachouliza ni sisi wengine tulikuwa wapi kabla ya siku hiyo. Mtu aliyeahidiwa kwamba leo, saa hii, kila kitu kitabadilika, atakimbia. Atakimbia zaidi kama hakuna aliyewahi kukaa naye kwenye shida yake miezi na miezi, kumsalia kila wiki, kumsindikiza hospitali, kumkopesha nauli.

Naamini Mungu anaponya. Nimeona mgonjwa tuliyekwisha kumuaga akiinuka. Lakini kwenye Injili nne sikumbuki mahali Yesu alipowaambia watu wakimbizane ili kuwahi rehema yake. Kipofu wa Yeriko alipiga kelele, umati ukamnyamazisha, na Yesu akasimama. Mwanamke aliyetokwa damu alikuwa ameumwa miaka 12, na Bwana alisitisha safari ya kwenda kwa mtoto mahututi ili azungumze naye.

8. Mwombee mtu mmoja bila kukoma

Monika alikuwa Mwafrika, kutoka Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwanawe Augustino alizaliwa mwaka 354, akawa na akili nyingi na maisha yaliyomliza mama yake miaka mingi. Mwaka 383 alimdanganya bandarini Carthage na kupanda meli usiku kwenda Roma, akimwacha mama akisali. Monika akamfuata hadi Italia. Pasaka ya mwaka 387 Augustino alibatizwa Milano na Askofu Ambrosi, na kabla mwaka haujaisha Monika alifariki wakiwa Ostia, njiani kurudi Afrika.

Kwenye jumuiya yetu yupo mama ambaye mwanawe anakunywa gongo. Kila wiki, zamu ya maombi ikimfikia, anataja jina la kijana huyo. Kijana bado anakunywa. Wapo waliomnong'oneza mama abadilishe ombi, wengine wakampa namba za manabii. Yeye anasema: "Nikiacha mimi, nani atamtaja?" Sijui mwanawe ataishia wapi, na habari ya Monika siitumii kumwahidi kitu. Ninachokiona ni mama mwenyewe. Hapo zamani aliingia kwenye maombi akiwa na hasira na aibu. Siku hizi anampikia kijana wake uji asubuhi bila kumtukana, na amekuwa mtu wa kwanza kufika nyumba yoyote yenye msiba wa namna hiyo. Imani yake imekua mbele ya macho yetu, ndani ya ombi ambalo halijajibiwa.

9. Tazama ulivyo na uliyemkosea au aliyekukosea

Basi vijana wakiniuliza kama wanakua, siwaulizi wanajisikiaje. Nawauliza wako vipi na ndugu zao. Paulo alipotaja tunda la Roho, karibu yote aliyoyataja, upendo, uvumilivu, utu wema, fadhili, upole, hayawezi kuonekana kwa mtu akiwa peke yake chumbani.

Baba yangu na baba mdogo walikosana kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Masale, mimea ya mpakani iliyopandwa na babu, yaling'olewa, kila mmoja akasema ni mwenzake, na tangu hapo hawakusalimiana. Kanisani walikaa pande mbili. Sisi watoto tulikatazwa kupita njia ya mkato. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila jioni alituongoza kusali Sala ya Bwana. Jioni moja alipofika pale tunapoomba tusamehewe kama tunavyowasamehe wengine, alinyamaza, akaruka maneno hayo, akamalizia. Mama alimtazama asiseme neno. Jioni zilizofuata akaendelea kuyaruka. Nadhani aliogopa kuyatamka kwa uongo, na leo ninauheshimu woga huo.

Baadaye akaanza kuyasema tena, polepole, kwa sauti ya chini kuliko yetu. Halafu akaanza kumtaja mdogo wake kwa jina kwenye sala. Halafu msimu mmoja wa kahawa mke wa baba mdogo alipougua, baba alitutuma kwenda kuwasaidia kuchuma, bila maelezo. Mambo hayo yalichukua miaka, na katikati yake kulikuwa na siku za kurudi nyuma: maneno makali kwenye arusi ya binamu, shauri lililopelekwa tena kwa balozi wa nyumba kumi.

Mwishowe alikata jani la sale, akalifunga fundo kama wazee wetu walivyofanya wanapotaka suluhu, akampa mzee mmoja wa ukoo alitangulize, na jioni akaenda mwenyewe. Kwa Wachaga anayepelekewa sale hatakiwi kukataa. Baba mdogo hakukataa, ila alikaa muda mrefu kabla ya kumkaribisha ndani, na baba alisimama uani akingoja.

Mpaka wa kihamba hadi leo haujapimwa, na watoto wa pande zote mbili wana maoni yao. Wazee wenyewe wanakaa benchi moja, ibada ya kwanza, upande wa kulia. Baba mdogo sasa hasikii vizuri, kwa hiyo baba humwonyesha namba ya wimbo kwenye kitabu.